Kiganja cha Bi Cheverton

Kama dharau ingekuwa mlo, Bi Cheverton angenenepa kuliko askofu. Alishuka kwenye treni pale Wolverhampton amejiziba pua kwa leso, akautazama moshi wa viwanda kama mtu aliyeletewa supu yenye nzi, kisha akamwambia mwanawe Lambert kwa sauti iliyowafikia wapagazi wote:

"Watu wanaishi humu? Kwa hiari yao?"

"Wanaishi, Mama. Wanakula na kucheka pia."

"Wacheke. Labda meno ndiyo kitu cheupe pekee walicho nacho."

Lambert akatabasamu, akamshika mkono na kumpandisha kwenye gari la farasi. Alikuwa wakili kama marehemu baba yake, kijana mrefu na mpole, mwenye tabia ya kuwadhania watu mema, tabia ambayo bila shaka hakuirithi upande wa mama. Siku hiyo alikuwa anampeleka mama yake kwa mara ya kwanza kwa mchumba wake, Thirza Fereday, binti wa mwenye kiwanda cha vyombo vya karatasi. Akina Fereday walitengeneza sinia, visanduku vya chai, viti vya sebuleni na vikinga-uso, vyote vya karatasi iliyobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi, ikaokwa tanurini, ikapakwa vanishi nyeusi, ikasuguliwa mpaka mtu akijitazama humo anaziona nywele za pua yake.

Bi Cheverton alikuwa amekuja kuivunja posa hiyo. Mwanawe hakulijua hilo. Alidhani mama yake amekuja kunywa chai.

Sababu iliyokuwa mdomoni mwa Bi Cheverton ni kwamba Fereday ni watu wa kazi za mikono, na damu ya mawakili haichanganywi na gundi. Sababu iliyokuwa moyoni ni nyingine, na tuiseme mapema, maana hakuna haja ya kumsitiri mtu asiyemsitiri mwenziwe. Huyu Bi Cheverton wa Leamington, mwenye shingo ndefu na kofia ya manyoya, zamani zake aliitwa Nance Tibbetts, wa Bilston, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Na alikuwa msuguaji.

Wasiojua kazi hiyo hudhani ni ya kufuta futa tu. Chombo cha karatasi, hata kikitoka tanurini kizuri vipi, hung'arishwa mwisho kwa kiganja kitupu cha mwanamke, kwa mafuta na unga wa jiwe laini, kwa sababu kitambaa hukwaruza na kiganja hakikwaruzi. Wasichana wenye viganja vizuri waligombewa na viwanda kama farasi wa mbio. Nyumbani hawakuruhusiwa kushika ufagio wala kuosha chungu. Mama zao waliwaoshea. Walitembea na glavu hata jua likiwaka. Na kila msuguaji alikuwa na namna moja ya kazi: akiona ukungu juu ya vanishi, anakipulizia chombo pumzi ya moto, haa, anazungusha kiganja mizunguko midogo midogo, kisha anamalizia kwa kisigino cha kiganja, mkupuo mmoja mrefu hadi ukingoni. Nance alilifanya hilo tangu hajavunja ungo, mpaka mkono ukawa haumwulizi mwenyewe.

Kiganja hichohicho ndicho kilichomtoa. Kulikuwa na bikizee mgonjwa huko Leamington aliyetaka mtu wa mikono laini amkande miguu. Nance akaenda. Wakili Cheverton akaja kuandika wasia wa bikizee, akapeana mkono na yule msichana, akapigwa na butwaa. Katika maisha yake hakuwahi kushika mkono laini namna ile; akaamini hapohapo kwamba ni binti wa watu, hajawahi kuinua hata kijiko. Ndivyo walivyo hawa mabwana. Kiganja kimelainishwa na kazi, wao wanakiona cha uvivu, wanakioa! Ukweli alikuja kuujua baadaye, lakini alikuwa ameshapenda, na mwenye kupenda hana macho ya kukagua.

Basi Nance akawa Bi Cheverton, na Bi Cheverton akamzika Nance. Nduguze wa Bilston hakuwaandikia, hata mama yake alipofariki hakwenda. Ndani ya nyumba yake hapakuingia hata kijisanduku kimoja cha karatasi. Na sasa, kati ya wasichana wote wa Uingereza, mwanawe amekwenda kumchagua huyo! Akiolewa Thirza, nyumba itajaa vyombo hivyo, na jamaa zake wanaoijua kazi ile watakuja kukaa mezani kwake wakimtazama mikono. Siku moja mmoja wao atamwona. Lambert atajua kwamba mama yake si binti yatima wa mchungaji kama alivyoambiwa tangu utoto, na heshima yote aliyoijenga kwa mwanawe itamwagika. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko kifo. Kwa hiyo alikuja na ulimi wake aliounoa vizuri, awatukane watu wale kwa adabu mpaka wao wenyewe waseme hapana.

Nyumba ya Fereday ilikuwa ya matofali mekundu, na sebule ilikuwa ina moto mkubwa wa makaa kama vile wageni wanakuja kuchomwa. Bwana Fereday mwenyewe alikuwa kiwandani, tanuri limemsumbua. Waliowapokea ni Thirza, msichana mweusi wa nywele na mwepesi wa kucheka, na bibi yake mzaa baba, Bibi Dorcas, mwanamke mnene aliyevaa kofia ya kitani na kukalia kiti chake kama mtu aliyekizaa. Ndiye aliyemlea Thirza tangu mama yake alipofariki.

"Karibu, Mama Lambert, karibu!" bibi alisema. "Sogea motoni, mwanangu. Leo baridi inauma hadi kwenye fizi."

"Bi Cheverton," mgeni alisahihisha.

"Ndiyo, Mama Lambert. Keti hapo."

Bi Cheverton akakiangalia kiti. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, mgongo wake umetiwa vipande vya ganda la chaza vikiwa maua. "Na hiki nacho ni karatasi?"

"Karatasi tupu," Thirza alisema. "Lakini usiogope, mama, kasisi wetu hukikalia, na yeye ni wawili kwa mmoja."

"Siogopi. Sijazoea tu kukalia magazeti."

Bibi Dorcas akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Magazeti! Umesikia, Thirza? Basi leo atakuwa amezikalia habari zote za Bunge, na hapo ndipo pahali pake."

Lambert naye akacheka. Bi Cheverton hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kiti, akavua glavu moja kwa ajili ya chai, akaificha mikono mapajani.

Chai ikaja na keki ya mbegu, mkate na siagi, na pai ya nyama ya nguruwe, juu ya sinia kubwa lililochorwa kila mahali. Bi Cheverton akaliinamia sinia kama hakimu anayesoma shtaka.

"Kuna kasuku," alisema. "Kuna mawaridi. Kuna gofu la kanisa, na mbalamwezi juu yake, na hapa chini naona ni chemchemi. Mchoraji aliogopa nini? Kuacha nafasi?"

"Mchoraji haogopi, Mama Lambert," bibi alijibu huku akimimina. "Wanunuzi ndio waoga. Ukiwaachia nafasi wanasema wamepunjwa. Hasa wa Leamington."

"Sisi Leamington tunatumia fedha halisi."

"Najua. Inakwajuka, masikini, mnaisugua kila Jumamosi. Sukari?"

Bi Cheverton akaendelea hivyo. Akauliza kama harufu ya vanishi hutoka kwenye nguo au watu huzikwa nayo. Akamwuliza Thirza kama anajua kupiga piano, na Thirza aliposema anajua kidogo, akasema, "Ya karatasi?" Lambert alikuwa ameacha kucheka kitambo. Aliangalia kikombe chake, na mara mojamoja alimtazama Bibi Dorcas, naye bibi akamtikisia kichwa polepole, kama kumwambia ngoja. Bi Cheverton aliliona hilo, akafurahi. Alidhani dawa imeanza kuingia.

Bibi akajifuta makombo. "Mimi kazi hii naijua tangu chini, Mama Lambert. Sikuzaliwa kwenye nyumba hii. Nilikuwa msuguaji katika kiwanda cha baba mkwe wangu, mpaka mtoto wa mwenye mali akapotea njia kila siku akipita mezani kwangu. Nikamwambia, bwana, ama unioe ama ujifunze kusugua, maana unanizibia mwanga."

"Ah," alisema Bi Cheverton. Hapa ndipo alipopangoja. "Wale wanawake wa mafuta. Nimewasikia. Nimeambiwa wakiingia kanisani watu hubadili viti."

Thirza akaweka kikombe chini. Mashavu yalikuwa yamemwiva, na si kwa moto.

"Mama," alisema Lambert.

"Nasema nilichoambiwa. Ni wanawake wa kushikwashikwa viwandani, mwanangu, na wanaume wanaopita mezani, kama bibi alivyosema mwenyewe. Siwalaumu. Hawana mtu wa kuwafundisha aibu."

Nyani haoni kundule. Bibi Dorcas, ambaye kwa maneno machache kuliko hayo alishawahi kumtoa karani wa kiwanda mlangoni kwa fimbo, safari hii hakuigusa fimbo. Alimtazama mgeni wake, na kama Bi Cheverton angekuwa na jicho la kuona chochote zaidi ya vumbi la wenziwe, angeona kwamba bibi yule anamhurumia. "Moto unakuunguza uso," alisema hatimaye. "Thirza, mpe mama kikinga."

Na kweli uso ulikuwa unaungua. Aliketishwa karibu na makaa, na kiburi hakikumruhusu kuomba asogezwe. Uso mwekundu ni uso wa mpishi. Hilo kila mwanamke wa Leamington analijua, ndiyo maana wana vikinga-uso, vibao vyembamba vyenye mpini mrefu, vya kushika kati ya shavu na moto. Thirza akafungua kabati la ukumbini, kwenye baridi, akarudi na kimoja, cheusi, kina tausi wa ganda la chaza.

"Sihitaji."

"Tafadhali, mama. Umeiva mashavu yote."

Angekataa tena. Lakini akajiona kwenye sinia lile lile alilolitukana, mwekundu kama msichana wa jikoni, akakipokea.

Kikinga kilikuwa kimetoka kwenye baridi, na joto la sebule likakitia ukungu. Tausi akapotea. Bi Cheverton wakati huo alikuwa anatafuta la kusema kuhusu mapazia, na aliposema alikuwa akimtazama Thirza, si kikinga. "Haya mapazia," alisema, "nadhani mliyanunua kwa mtu aliyekuwa anahama usiku." Na alipokuwa akilisema hilo akakiinua kikinga mdomoni, akakipulizia, haa, akakizungushia kiganja mizunguko midogo midogo, kisha akamalizia kwa kisigino cha kiganja, mkupuo mmoja mrefu hadi ukingoni. Tausi akatoka anang'aa.

Bibi Dorcas akaweka birika chini.

Bi Cheverton akautazama mkono wake. Ulikuwa bado ukingoni mwa kikinga, kidole kidogo kimeinuliwa kisiache alama, kama alivyofundishwa. Akauondoa upesi.

"Kilikuwa na vumbi," alisema.

"Vumbi hufutwa kwa kitambaa, mwanangu," Bibi Dorcas alisema kwa upole. "Ulisugua kwa nani? Kidole hicho wanakiinua hivyo Bilston tu. Sisi wa hapa tunakikunja."

"Sijui unazungumza nini."

Lambert akainuka, akaja akapiga goti kando ya kiti cha mama yake, uso umemfunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama, usihangaike. Wanajua. Walijua kabla yangu mimi. Siku ya kwanza nilipokuja hapa nilikuwa namngoja Thirza, nikaokota kikinga hicho hicho, nikakipulizia nikakisugua. Bibi akanikamata mkono. Akaniuliza nani kanifundisha, nikamwambia hakuna aliyenifundisha, mama yangu huisugua hivyo meza ya chakula anapokuwa anawaza. Nilidhani mama wote hufanya hivyo."

"Nikamwambia, wewe umelelewa na msuguaji," alisema Bibi Dorcas, "na msuguaji hodari. Unafikiri ningemtoa mjukuu wangu kwa wakili? Mawakili wamekuja hapa wawili, nikawafukuza. Huyu nilimpa kwa ajili ya kiganja chake. Nikasema mama aliyemfunza mtoto hivyo bila kujua, huyo ni wa kwetu."

"Ndiyo sababu nimekuleta," Lambert alisema. "Sikutaka kukuuliza kule nyumbani mbele ya watumishi. Nikasema ukifika hapa, ukiona bibi hana aibu nayo, utasema mwenyewe. Nilikuwa najivuna nawe, Mama. Njia nzima ya treni nilikuwa najivuna."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, kweupe. Alichohitaji ni kusema neno moja, ndiyo, na angekuwa na mwana, na mkwe anayemcheka kwa mapenzi, na mwanamke mwenziwe wa kukumbuka naye harufu ya mafuta. Thirza alikuwa ameshasahau piano na mapazia. Alikuwa ameinama mbele, anamngoja, machozi yanamlengalenga. Watu waliotukanwa mchana kutwa walikuwa wamekaa wanamwombea aseme.

Lakini mficha uchi hazai. Bi Cheverton akamtazama mwanawe aliyepiga goti, na katika macho yale hakuiona ile fahari. Aliona kwamba anajulikana, basi. Akasimama. Akavaa glavu yake kidole kwa kidole.

"Mwanangu amekosea," alisema. Sauti ilikuwa tulivu kabisa. "Tulikuwa na mjakazi. Yeye ndiye aliyewahi kusugua, huko Bilston kama unavyosema. Lambert alikuwa mdogo, akawa anamwiga, na mimi nikaambukizwa kwa kumwona kila siku. Aliitwa Nance. Mwanamke mchafu, mwongo, wa kutoka kwenye nyumba ya walevi. Nilimfukuza nilipoona anamzoea mtoto."

Makaa yakaporomoka motoni. Bibi Dorcas akafumba macho.

Lambert akainuka taratibu kutoka sakafuni. Ule uso uliofunguka ukajifunga.

"Baba alipokuwa anakata roho," alisema, "nilikuwa nimeushika mkono wake mmoja, na wewe umeushika mwingine. Alikuwa haoni tena. Akasema, 'Nance, usiniachie.' Alilisema mara nyingi. Ukainama ukamwambia, 'Nipo, mpenzi wangu, nipo hapa.' Sikukuuliza siku ile. Nikasema una haki yako."

Bi Cheverton akafunga kifungo cha glavu.

"Ungeweza kumkana bibi huyu," alisema Lambert, "na mimi ningekuelewa. Lakini umemtukana mama yangu."

"Lambert, niletee koti. Tunaondoka."

Akaleta koti. Akamvisha kwa adabu, akamfungia vifungo vya shingoni kama alivyozoea kumfungia kila majira ya baridi, akamtoa hadi mlangoni ambapo gari la farasi lilikuwa likingoja kwenye mvua ya rasharasha. Akamshika kiwiko akampandisha. Kisha akaufunga mlango wa gari, yeye akiwa nje.

"Unafanya nini? Panda, utalowa."

"Wewe nenda nyumbani, Mama," alisema. "Mimi nabaki ujombani, kwa watu wa Nance."

Akarudi ndani. Mwenye gari akauliza kama waondoke. Bi Cheverton akamwambia angoje kidogo, mwanawe anakuja. Na baadaye, alipoulizwa tena, akamwambia vilevile.